Risasi za ndege vita zilikuwa zinadumu muda gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi na kaka yangu tunabishana wiki nzima. Yeye anasema marubani wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wanamiminiana risasi angani hata nusu saa, mimi nakataa. Nani yuko sahihi? Na mbona wengi walitunguliwa bila hata kumwona adui?

JIBU: Salama ndugu yangu. Wewe ndo uko sahihi. Chukua Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya mwaka 1940, ilikuwa na bunduki 8 za rashasha kwenye mabawa, kila moja risasi 300, sasa ukibana kitufe bila kuachia zinaisha kwa sekunde 15 hivi, basi, umebaki mikono mitupu na adui bado yupo. Ndo maana mzoefu alikuwa anabana sekunde mbili anaachia, tena akiwa karibu kabisa, mita mia mbili na kitu. Na Mjerumani naye kwenye ndege yake ya Messerschmitt 109, akishavuka bahari mafuta yalimruhusu kukaa juu ya London kama dakika kumi tu, hiyo nusu saa ya kaka angeitoa wapi?

Kitu kinachoniuma mimi ni injini. Spitfire ilitumia kabureta, kwa hiyo rubani akisukuma usukani ghafla ili azamishe pua amfuate adui, injini inakohoa, inakata, na Mjerumani ambaye yake inapuliziwa mafuta moja kwa moja keshapotea zake. Vijana wamekufa kwa hilo! Aliyekuja kulipunguza ni injinia mwanamke, Beatrice Shilling, mwaka 1941, kwa kipande kidogo tu cha chuma chenye tundu la kupitisha mafuta kwa kipimo. Mi naona huyu mama hatajwi inavyostahili.

Kuhusu kutomwona adui, alikuwa anakuja kutoka juu, jua likiwa mgongoni kwake, na wewe ukitazama kule unaona mwanga mtupu. Ukishtuka ukakata kona kali, damu inashuka kutoka kichwani, macho yanaingia giza kabla hujajua nani anakupiga. Kwa hiyo kazi kubwa ya rubani ilikuwa kugeuza shingo, nyuma, juu, nyuma tena, safari nzima, mpaka kola inachubua ngozi. Zile skafu za hariri unazoziona kwenye picha zao za zamani zilikuwa za kuzuia michubuko hiyo.