Kanisa la kigango: maliza ishu ya kiwanja kwanza, wamisionari waje kwenye paa

Watu wananiuliza sana, nyie kule tambarare ya Moshi mlifanyaje mpaka mkapata kanisa Katoliki la kigango, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, na kijiji chenyewe hakina hata duka la maana. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi kwahiyo nitasema tu nilichokiona.

Kitu cha kwanza ni kiwanja, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana huku kwetu mzee akishasema "chukueni hapo mjenge nyumba ya Mungu" watu wanapiga vigelegele na kesho yake wanachimba msingi. Msichimbe! Kigango cha jirani yetu walipewa hivyohivyo kwa mdomo, mzee akafariki, Desemba watoto wakaja kutoka Dar kula Krismasi wakakuta mawe yamepangwa kwenye shamba la baba yao, kesi hiyo mpaka leo haijaisha na katikati ya ule msingi watu wanapanda maharage. Mwiteni mzee akiwa hai, mama awepo, watoto wakubwa wawepo, waandike na kusaini. Kama ni ardhi ya kijiji basi ipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe, ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka. Na jina lisiwe la mwenyekiti wa kigango wala la katekista, liwe la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, namaanisha jimbo la Kanisa lililo chini ya askofu.

Halafu askofu. Wengi wanadhani ukishaongea na paroko, yaani padre mkuu wa parokia, imeisha, hapana, kanuni ya 1215 ya sheria za Kanisa Katoliki inasema kanisa halijengwi bila ruhusa ya maandishi ya askofu wa jimbo. Paroko ndo anawapeleka huko. Na msione ni usumbufu tu, hiyo barua ndo hata wafadhili wa nje kama Missio, shirika la Kikatoliki la Ujerumani, wanaitaka kabla hawajasoma maombi yenu.

Sasa wamisionari. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema, huku kwetu Kilimanjaro, miaka ya 1890, kwahiyo sisi watu wa Moshi tumezoea kwamba kanisa ni kitu padre anakuja nacho. Wa siku hizi hawako hivyo jamani. Yule wetu alivyokuja mara ya kwanza hakuuliza tunahitaji shilingi ngapi, alizunguka kiwanja, akagonga tofali moja kwa kidole, akauliza limemwagiliwa maji siku ngapi na nani kafyatua. Akinamama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wakaonyesha mikono. Hapo ndo alianza kuongea habari za bati.

Ndo maana nasema msingi na kuta fanyeni wenyewe. Mawe, mchanga, maji, kusomba, hivyo jumuiya zinaweza kugawana kwa zamu, na wala msione aibu kuwaita majirani, Walutheri wa kwetu walisomba mawe na sisi Jumamosi nzima na chai wakaleta wao. Hela ya saruji tuliipata kwenye mnada wa mazao baada ya ibada. Mnaleta mpunga, ndizi, mayai, kuku, halafu mnatafuta dalali mwenye mdomo, siyo mzee mpole. Wetu alikuwa kijana wa bodaboda, jogoo mmoja aliuzwa, aliyemnunua akamrudisha kanisani, akauzwa tena, akarudishwa tena, mpaka jogoo mwenyewe amechoka kushikwa miguu na bei imefika ya mbuzi. Watu wanacheka huku wanatoa hela, mchango wa kuandikana kwenye daftari hauwezi kuleta hivyo hata siku moja.

Paa ndo pagumu, kenchi (zile mbao za kubeba paa) na bati zinataka hela ya mkupuo, hapo ndo muombe. Andikeni bei za maduka matatu, pigeni picha za kuta zilipofika, na muombe vifaa, msiombe keshi, mzigo ushushwe saiti mbele ya kamati. Bati chukueni geji 28, hiyo 30 ni nyembamba na upepo wa tambarare mnaujua. Mbao ziwe na dawa, mchwa hawajui kama hiyo ni sakristia, chumba cha padre kuvalia. Na mwahi kabla ya masika, kuta zikikaa wazi Machi mpaka Mei mtajuta.

Ukubwa pia mtabishana sana, kuna atakayetaka mnara. Sisi padre anakuja Jumapili moja kwa mwezi, zilizobaki katekista anaongoza ibada ya Neno, kwahiyo tukajenga la kututosha na chumba cha pembeni ambacho katikati ya wiki ni chekechea. Mabenchi bado, tunakaa kwenye mikeka na viti vya plastiki vya kukodi siku za harusi, fundi seremala anasubiri mavuno ya mpunga.