Muuguzi alifanya sawa kuosha kidonda kwanza

Dada, umeuliza kama muuguzi alipoteza vijidudu kwa kuosha kidonda cha mumeo, aliyechomwa na ndoano huko Igombe ziwani, kabla ya kuchukua swabu, yaani sampuli ya kidonda kwa kijiti chenye pamba. Hapana, ndivyo inavyotakiwa. Usaha wa juu una bakteria wa kila aina wanaoishi tu pale. Tunaowatafuta wako kwenye nyama hai chini yake. Kwa hiyo huosha kwa seilaini (maji safi ya chumvi), kisha hukandamiza pamba na kuizungusha kwenye eneo la sentimita 1 ya mraba kwa sekunde 5 hivi, mpaka majimaji yatoke.

Ila swabu peke yake haithibitishi maambukizi. Hayo hujulikana kwa joto, uvimbe, maumivu yanayozidi, homa. Wekundu pia, ingawa kwenye ngozi zetu hujificha. Majibu husaidia kuchagua dawa, na huchukua siku kadhaa maana bakteria huoteshwa kwanza maabara.

Waambieni jeraha liliingia maji ya ziwa, maabara wawatafute na Aeromonasi, bakteria waishio majini. Uvimbe ukipanda au homa ikianza, tafadhali msingoje majibu, nendeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando siku hiyohiyo. Sindano ya pepopunda amechoma?