Maswali ya mafundi: chila za presha ndogo

SWALI: Chila (mashine ya kupoza maji ya kiyoyozi) ya hoteli yetu inatumia gesi ya kupozea ya R-123. Zamani maji yakitoka na nyuzi 7, gesi kwenye evaporeta (sehemu ambamo gesi huchemka na kupoza maji yaliyo ndani ya mirija) ilisoma nyuzi 5.5. Sasa inasoma 2.5, na mzigo ni uleule. Mwenzangu anasema tuongeze gesi. – Fundi, Mombasa

JIBU: Msiongeze kwanza. Pengo kati ya maji na gesi, lililokuwa nyuzi 1.5, limekuwa 4.5, na upungufu wa gesi ni mshukiwa mmoja tu.

Kwenye nyuzi 5, R-123 ina presha ya kPa (kilopaskali) 41 hivi, chini ya nusu ya presha ya hewa. Hapo hata uzito wa gesi yenyewe, ikiwa kimiminika, ni mzigo. Kina cha sentimita 30 huongeza kPa 4.4 chini, na mirija ya huko huhitaji nyuzi 2 na ushei zaidi ndipo gesi ichemke. Kwa R-134a, gesi ya presha kubwa, kina hichohicho hugharimu nyuzi 0.3 tu. Ukijaza kupita alama, umeizamisha mirija ya chini bure.

Anzeni na maji. Pimeni tofauti ya presha kati ya maji yanayoingia na yanayotoka, mkailinganishe na rekodi za zamani. Tofauti ikishuka, maji yanapita machache: angalieni chujio na pampu. Isipobadilika, fungueni kifuniko hata hivyo, maana utando mwembamba hauonekani kwenye geji. Pigeni mirija brashi ndani.

Kisha mafuta. Je, mmekuwa mkiongeza mafuta ya kompresa bila kuona yanakovujia? Yamo kwenye evaporeta. Hayachemki, na huziba vitundu vya uso wa mirija ambamo mapovu huzaliwa. Pelekeni sampuli maabara.

Mwisho, tazameni kioo cha kiwango chila ikiwa na mzigo kamili. Mirija ya juu ikiwa kavu, hapo mwenzako ana haki. Hewa iliyoingia msiisingizie: hiyo hukusanyika kwenye kondensa, sehemu ambamo gesi hurudi kuwa kimiminika.

SWALI: Na uvujaji tutautafutaje, ikiwa ndani ni vakyumu?

JIBU: Zimeni chila, pasheni maji ya evaporeta hadi nyuzi 38. Presha itapanda kPa 40 hivi juu ya ile ya hewa, na gesi itaanza kutoka badala ya hewa kuingia. Pitisheni kifaa cha kunusa gesi kwenye gasketi, vali na viungo vyote. Msizidishe: diski ya usalama kwa kawaida hupasuka kwenye kPa 103 juu ya presha ya hewa. Fungueni milango pia. R-123 ni sumu ukiivuta.