Wateja wa funguo hawaji, nifanyeje?

SWALI: Mambo kaka, mi ni fundi wa kuchonga funguo, nina fremu hapa Kirumba, Mwanza. Mwanzo wa mwezi nachonga mpaka mkono unauma, ila ikifika tarehe 15 hivi nakaa tu napiga stori na bodaboda, na kodi iko palepale. Nihamie Igoma?

JIBU: Poa mdogo wangu. Usihame, mteja wa funguo anakuja kwa kukumbuka "yule jamaa pale kona", ukihama unaanza upya. Siku zikipoa zungukia madalali na wenye nyumba za kupanga, kila mpangaji akihama silinda ya kitasa (pale ufunguo unapoingia) inatakiwa ibadilishwe na wengi hawabadilishi (hatari hiyo, yule wa zamani bado anao ufunguo!). Kule Malimbe wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wakifungua chuo ghetto zinajaa watu wapya, uwe umeshajulikana. Halafu soko la Mwaloni hapo jirani, makufuli ya stoo za dagaa yanaliwa na kutu balaa sababu ya unyevu wa ziwa, wenyewe wanamwagia mafuta ya kula, yananasa vumbi kufuli linazidi kukwama. We safisha, weka unga wa ile nyeusi ya penseli, chaji hela kidogo.

Funguo ghafi (ambazo hazijachongwa) usijaze mzigo mwezi mbovu. Na namba ya simu iandike kubwa mlangoni, maana aliyefungiwa nje saa nne usiku habishani bei, ila kabla hujamfungulia aitwe mwenye nyumba au mjumbe kwanza.