Ukipewa kusimamia mradi huku Kusini, anza na kalenda ya korosho

Vijana wengi wananiuliza, hasa walimu na watendaji wapya waliopangiwa Tandahimba na Newala, kwamba umekabidhiwa mradi wa madarasa au zahanati na hujawahi kusimamia ujenzi wowote, unaanzia wapi? Mi nimekuwa kwenye miradi ya namna hii Mtwara kwa miaka sasa, mingi ni ya fosi akaunti, ile ambayo shule au kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kuajiri fundi wa hapahapa badala ya kumpa mkandarasi, na jibu langu huwa lilelile: kabla hujaifungua hiyo BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi na gharama zake, kaa na wazee na kina mama wa kijiji wakueleze mwaka wao unaendaje.

Maana kwenye karatasi mwezi wa kumi ni mwezi kama mingine tu. Huku mwezi wa kumi minada ya korosho ndo inaanza, watu wako mashambani wanaokota, malori yote yamekodiwa kubeba magunia kupeleka maghalani, na malipo yakishaingia benki yule saidia fundi wako ana haja gani ya kubeba zege kwa pesa ya kutwa? Mnakumbuka 2021, zile fedha za UVIKO-19, yaani za kipindi cha korona, madarasa 15,000 nchi nzima na yanatakiwa yawe tayari Disemba. Kwingine ilikuwa mbio za kawaida, huku ziligongana na msimu wenyewe. Saiti nilizoona zinakwenda vizuri ni zile ambazo kamati ya ujenzi iliwahi kuweka oda ya lori na kuelewana na mafundi mapema, kabla mnada wa kwanza haujapigwa.

Na si Oktoba peke yake. Mwezi wa sita mpaka wa nane watu wanapuliza salfa, ile dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, na salfa inataka alfajiri kabla upepo haujachachamaa, kwa hiyo kibarua anakufikia saiti saa tatu huko akiwa ameshafanya kazi tayari. Usimwite mvivu. Kubalianeni kazi ianze saa tatu iende mpaka jioni, muiandike hivo na malipo yaende hivo. Likizo ya mwezi wa sita na ile ya Disemba kuna shughuli za jando na unyago, familia nzima ipo kwenye ngoma, nazo uziweke kwenye ratiba kama unavyoweka sikukuu.

Ukishaijua kalenda ndo unapanga kazi, na hapa cha kuangalia ni kazi zipi zinasubiriana. Kuna chati za Gantt, kila kazi ina mstari wake unaoonesha inaanza lini na inaisha lini, zimepewa jina la Mmarekani Henry Gantt, zina zaidi ya miaka mia na bado ni nzuri, mi naichora kwenye karatasi ya manila naibandika stoo kila mtu aione. Lakini chati haikwambii kipi kitakukwamisha, hicho unakitafuta mwenyewe. Juu ya uwanda wa Makonde mara nyingi ni maji. Saruji ipo, kiwanda cha Dangote kiko hapahapa Mtwara, ila zege linataka kumwagiwa maji angalau siku saba mfululizo na nguvu yake inapimwa siku ya 28, bloku nazo zinataka maji, sasa kama boza linakuja mara moja kwa wiki na huna simtanki la kuhifadhia, umeshachelewa hata kama pesa yote ipo kwenye akaunti. Kwa hiyo mi simtanki hulinunua kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Na upauaji uwe umeisha kabla mvua za Disemba hazijakolea, hapo sina mjadala na mtu.

Kwenye pesa nitasema kidogo tu. Anayenunua asiwe anayepokea, ndo maana kuna kamati ya manunuzi na ya mapokezi. Fundi alipwe kwa hatua, msingi, linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, umaliziaji, na hatua ikaguliwe kabla hajalipwa. Kamati ya mapokezi mi napenda iwe na kina mama wa kutosha, wanahesabu mifuko mmoja mmoja na hawasaini kitu ambacho hawajakiona.

Kinachowashinda wengi hasa ni watu. Fundi mkuu mara nyingi ni mtu mzima kukuzidi, amejenga nyumba nyingi kabla wewe hujamaliza shule, ukimwendea na amri atakuitikia na kesho atafanya anavyojua yeye. Mwendee hivi: "Shikamoo mzee. Linta tukiimwaga Alhamisi, maji yatatutosha?" Umemuuliza, ila pia umemkumbusha. Kama kuna kosa, msubiri vibarua waende kula umwambie mkiwa wawili, kozi (mstari wa bloku) iliyopinda itabomolewa hiyohiyo jioni bila kelele. Na kila asubuhi simameni dakika chache tu, nani anafanya nini leo, anangoja nini kutoka kwa nani, uandike kwenye daftari.

Halafu kuna hili la wageni wa heshima. Anakuja kiongozi, anaangalia, anasema hapa ongezeni varanda, kila mtu anapiga makofi na fundi anaanza kuchimba. Miradi mingi inaishia kukosa milango na madirisha kwa njia hiyo. Fundi asishike jembe kwanza. Wewe mjibu kwa adabu, "Mheshimiwa tumelipokea, tunaomba tulipigie hesabu," na kesho yake umpelekee karatasi inayoonesha saruji itakayoongezeka, siku zitakazoongezeka na fungu litakalolipa, nakala moja kwa mtendaji na moja kwa mwenyekiti wa kamati.