Kwa wadogo zangu wa meza ya moto, tunaoyeyusha chupa kuwa shanga

Wiki hii nimemkuta mmoja wenu amefungua tanuru "kuchungulia tu". Mwingine kaondoka na shanga mfukoni zikiwa bado vuguvugu, anakwenda kumwonyesha mchumba. Wa tatu, ambaye ana mkono mzuri kuliko niliokuwa nao mimi nilipoanza, kapachika nukta nyekundu za kijiti cha kioo kutoka Murano, Italia, juu ya ushanga wa chupa ya kijani, akaniletea huku anatabasamu. Ushanga ulikuwa mzuri kweli, nikaishiwa maneno. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo naishia kufoka, na chai inapoa.

1. Tope la kupaka spoku tunayozungushia kioo. Kaolini (udongo mweupe) na unga wa alumina, liwe zito kama uji wa mgonjwa. Spoku ikishachovywa ikauke yenyewe. Ukiiharakisha, tope linabanduka na ushanga unang'ang'ania chuma hadi uuvunje kwa koleo. Wanaolia kwamba tope la dukani ni ghali: kaolini ya Pugu ipo, ichekecheni kwa kitambaa.

2. Tanuru halichunguliwi. Kioo cha chupa tunakishikilia kwenye nyuzi 540 hivi za Selsiasi, halafu kinashushwa polepole. Umeme ukikatika njiani, mlango uacheni ulivyo, andikeni saa kwenye daftari, na kundi zima lipashwe upya tanuruni tangu mwanzo. Msiniambie habari za majivu. Kuufukia ushanga majivuni kunaupunguzia mshtuko wa baridi tu, msongo uliojifungia ndani unabaki palepale.

3. Chupa na kijiti havichanganywi. Hapa kaeni chini.

Chupa hazitupi nyekundu. Kijani tunayo, kahawia tunayo, samawati hafifu tunaipata kwenye chupa za jini, lakini nyekundu hakuna, na mgeni anayeshuka kutoka mbugani anataka nyekundu kwa sababu amekwisha kuona mashuka ya Wamaasai. Oda yangu kubwa ya kwanza ilitoka kwenye hoteli ya watalii: mikufu ya kijani yenye nukta nyekundu. Nilikuwa na furushi la vijiti vya Murano nililoachiwa na mgeni aliyekuja kutufundisha. Kibandiko chake kilisema 104. Nikadhani ni namba ya rangi.

Ni kipimo cha kutanuka. Chupa zetu kwa kawaida ziko chini ya 90. Maana yake, ushanga ukipoa ile nyekundu inasinyaa kuliko kijani iliyoishikilia, zinavutana, na hakuna tanuru la kuzipatanisha. Tanuru linaondoa msongo unaotokana na kupoa vibaya. Vioo viwili visivyooana haliwezi kuvifungisha ndoa.

Shanga zilitoka nzima, zinang'aa. Nikapiga picha, nikapeleka, nikalipwa nusu. Baada ya wiki mbili hivi meneja wa duka la hoteli akapiga simu: mikufu inadondosha vipande rafuni, na hakuna aliyeigusa. Sikukubali. Nilisema ni barabara ya vumbi, nikasema ni bodaboda, mwisho nikamwangukia kijana aliyekuwa akinifungia mizigo. Nilimwita uani mbele ya wenzake, nikamwambia amerusha boksi, nikamkata posho. Na nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akizifunga kwenye pamba, ushanga mmoja mmoja. Alijibu, "Sawa, bosi," akarudi kazini.

Shanga zilizosalia nilikuwa nimezitia kwenye chupa ya jemu juu ya kabati. Usiku mmoja napiga hesabu zangu, nasikia: tik. Nikadhani mjusi. Kimya kidogo, tik tena. Nikaishusha ile chupa, nikamwaga shanga juu ya kanga chini ya taa. Kila nukta nyekundu ilikuwa na ufa wake, mwembamba, umejikunja kwa kufuata ukingo, na nukta mbili tatu zilikuwa zimekwisha kuruka zenyewe na kuacha shimo. Nilikaa nazisikiliza zikivunjika. Hakuna boksi lililorushwa.

Pesa ya hoteli nilirudisha yote, na hawakuniagiza tena. Posho ya kijana nilimrudishia pia, nikamwomba radhi. Lakini radhi nilimwomba ofisini, mlango umefungwa, wakati kumfokea nilimfokea uani watu wakisikia. Sasa ana meza yake mwenyewe upande wa Moshi. Tukikutana sokoni bado ananiita bosi, kwa sauti ambayo siipendi na siwezi kuilalamikia.

Kupima kama vioo viwili vinaoana hakuchukui muda wowote: yayusha vioo hivyo bega kwa bega, vuta uzi wa kioo, uache upoe. Ukibaki umenyooka, endelea. Ukijikunja, kioo kilicho upande wa ndani wa pindo ndicho kinachosinyaa zaidi, na hapo acha. Pimeni hata chupa mbili za kijani, kwa kuwa viwanda havifuati pishi moja, na kioo cha dirisha nacho kina mambo yake. Sheria ya karakana hii: ushanga mmoja, chupa moja. Mkitaka nyekundu, tengenezeni ushanga mzima wa 104, mpange jirani na wa kijani kwenye uzi.

4. Bei. Hesabuni mtungi wa gesi, oksijeni, umeme wa tanuru, zilizovunjika, na saa zenu. Dada yetu mmoja hapa anapanga bei kwa kutazama shanga za Jamhuri ya Cheki. Hizo zinatoka viwandani, zinauzwa kwa uzito, zinalingana moja na nyingine, na mama wa Kimaasai anayeshona mkufu mpana wa shingoni anazihitaji zilingane hivyohivyo. Kazi ile ushanga wetu hauiwezi: ni mkubwa, na kila mmoja una sura yake. Basi uuzeni kwa hiyo sura.

5. Ujue unamuuzia nani. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akifunga mizigo ya kwenda Ujiji, alifundishwa kwanza habari za shanga. Nyeusi, bubu, ilikuwa pesa Ugogo na kwingine haina thamani. Nyekundu, sami-sami, ilitakiwa Unyamwezi. Nyeupe, merikani, ilipita Ufipa na ikadharauliwa Ukonongo. Ukikosea hesabu hiyo, wapagazi wako wanatembea miezi na kokoto begani. Mimi napenda kahawia, ile ya chupa ya bia iliyopitishwa motoni mpaka ikawa asali. Haiuziki. Ninayo ndoo nzima chini ya meza, na kila mwaka naongeza. Msinifuate katika hilo. Fundi cherehani wa magauni ya harusi anataka ndogo zisizo na rangi, mtalii anataka chache kubwa, na mwenye duka anataka kile alichouza mwezi uliopita.

6. Mali kauli: bila karatasi yenye sahihi na idadi, shanga hazitoki mlangoni, hata kwa shangazi yako.

7. Mgeni akiuliza kama ni shanga za kale, mwambieni ni chupa ya mvinyo ya mwezi uliopita. Wengi wanafurahi zaidi na wanaongeza moja.

8. Picha: asubuhi, kivulini, karibu na dirisha.

9. Matundu ya shanga, yanayobaki na tope la spoku. Lowekeni kwanza, halafu msugue chini ya maji. Kaolini kavu ni vumbi, na vumbi hilo linaingia kifuani. Nimewasikia mkiambizana kwamba glasi ya maziwa jioni inasafisha kila kitu. Maziwa yanakwenda tumboni. Barakoa ziko kwenye droo ya pili, na anayezitumia kufungia vitumbua namfahamu.