Ukitafuta nasaba ya Kiingereza, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Wengi wanaoanza kutafuta nasaba ya Kiingereza hukimbilia karne ya 16 wakitumaini kukuta babu mwenye cheo. Nakusihi usianzie huko. Anza na mtu unayemjua, pata vyeti vyake, kisha panda kwa wazazi wake. Jina kufanana si ushahidi: kijiji kimoja kiliweza kuwa na akina John Smith watatu wa rika moja.

Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo huko England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Faharasa zake zinasomeka bure mtandaoni, lakini usiishie hapo, agiza cheti chenyewe. Cheti cha kuzaliwa kinataja jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, na mara nyingi hilo ndilo litakalokutenganishia John huyu na John yule. Ukiona na saa ya kuzaliwa imeandikwa, kwa kawaida ni dalili ya mapacha. Mtafute na wa pili. Cheti cha ndoa kinataja baba wa kila upande na kazi yake. Mama hawakuwekwa mpaka Mei 2021, na hili linaniuma kila ninapofungua cheti cha zamani. Hata huyo baba mpime kwanza, maana aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kutaja jina la kubuni ili kufunika aibu.

Sensa zinataka uangalifu zaidi. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi kigawe cha tano, kwa hiyo mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Tena uhusiano haukuandikwa: mwanamume na mwanamke wa nyumba moja huenda ni kaka na dada. Kuanzia 1851 utapata uhusiano na parokia aliyozaliwa mtu. Parokia hiyo ishike, kwani ndiyo itakayokupeleka kwenye madaftari ya kanisa. Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, hivyo kwa miaka hiyo tumia rejista ya Septemba 1939, yaani orodha ya wakazi iliyoandikwa na serikali vita vilipoanza.

Madaftari ya kanisa yaliamriwa mwaka 1538, ingawa si kila parokia imebaki na ya mwanzo. Jihadhari na kalenda. Kabla ya 1752 mwaka mpya wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Ukikuta ndoa ya Mei 1720 na ubatizo wa Februari 1720, mtoto hakuwatangulia wazazi kuoana; Februari ile kwetu ni ya 1721. Andika 1720/21 ili usijichanganye baadaye.

Na kabla ya kumweka mtoto yeyote kwenye mti wa ukoo, soma daftari la maziko la parokia ileile. Watoto wengi walifariki wachanga, na mara nyingi wazazi walimpa anayefuata jina lilelile. Unayemtafuta huenda ni huyo wa pili.